Siku Zangu za Kwanza Masaka

Wenye kazi ya gazeti hili wameniomba niandike katika kurasa za Kiswahili habari za kuja kwangu katika shule yetu, kwa sababu mwaka huu ndio wa mwisho kwangu, na kila mwaka huingia wageni ambao usiku wa kwanza hudhani kwamba wao peke yao ndio wanaolia chini ya blanketi. Mimi si fundi wa kuandika. Nitasimulia mambo kama yalivyokuwa, na wenzangu wa bweni watakaonicheka wasinicheke mbele ya wadogo.

Kwetu ni Kyaka, katika mkoa wa Kagera, nchi ya Tanzania, pale penye daraja la mto Kagera. Watu wakisikia kwamba nasoma nchi ya kigeni hudhani nilipanda ndege. Kumbe kutoka Mutukula mpakani mpaka Masaka hazifiki kilomita 100, na kutoka kwetu mpaka Mutukula ni karibu zaidi. Hata mstari wa Ikweta sikuuvuka, maana uko mbele huko Kayabwe, katika njia ya Kampala. Lakini nimejifunza kwamba ugeni haupimwi kwa kilomita. Mtu aweza kuvuka mto mmoja tu akawa mgeni kuliko aliyevuka bahari.

Aliyetaka nije huku ni shangazi yangu, ambaye huuza mchele na dagaa mpakani na anajuana na watu wa pande zote mbili. Nilipopata majibu ya mtihani wa kidato cha nne, shangazi alikuja nyumbani akaeleza habari za shule ya misheni iliyo kilimani, yenye walimu wazuri wa hesabu, na karo ambayo baba angeweza kuilipa kwa mafungu. Baba alikubali siku ile ile. Mama alikubali baada ya siku tatu. Babu hakusema neno.

Usiku wa kuamkia safari, babu aliniita nje, tukakaa penye mibuni yake. Lazima niwaeleze kwanza kwamba kila mtoto wa Kyaka amekua akisikia habari za vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia nchini kwetu, wakaikalia nchi yote iliyo kati ya mpaka na mto. Waliua watu, wakachukua ng'ombe na mali, na mwezi wa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka kwa baruti. Babu yangu alikuwa kijana wa miaka 21. Alivuka mto pamoja na mama yake, lakini mdogo wake aliyerudi kufungua mbuzi hakuonekana tena mpaka leo. Ndipo babu akaingia katika mgambo, akapewa mafunzo, akapelekwa vitani. Hayo yote nilikuwa nayajua. Sikujua yaliyofuata, kwa kuwa kila alipofika hapo hunyamaza.

Usiku ule hakunyamaza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mji unaokwenda naujua. Niliuona Februari 1979. Tuliupiga kwa mizinga. Kazi yangu ilikuwa kubeba makombora, sikuona yanapoangukia, maana yalikwenda mbali. Tulipoingia ndipo nikaona. Na nyumba zilizosalimika, wenzetu wakazibomoa wakisema, Hii ni ya Kagera."

Nikamwuliza, "Nawe babu, ulisemaje?"

Akasema, "Wakati ule nilifurahi."

Akakaa kimya kitambo, kisha akanipa kifurushi cha kahawa ya kutafuna, zile buni tunazochemsha kwa majani yenye harufu nzuri na kuzikausha, akiwa amezifunga vizuri kwa jani la mgomba. Akasema, "Ukifika, salimia watu vizuri. Na hii mpe atakayekukaribisha." Basi akaenda kulala, nami nikabaki na kifurushi mkononi, sijui la kusema.

Asubuhi shangazi alinisindikiza mpaka Mutukula. Katika kituo cha mpakani, kile cha pamoja kilichofunguliwa mwaka 2017, maofisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja, na shughuli yangu haikuchukua hata saa moja. Shangazi alinibadilishia fedha. Nilipoziona zimekuwa nyingi kuliko nilizokuja nazo nilifurahi moyoni kama mjinga, nikajiona tajiri, mpaka niliponunua chai na chapati nikatambua kwamba noti zimeongezeka lakini mali ni ile ile. Shangazi akanipandisha katika basi dogo, ambalo huku huitwa takisi, akaniambia nikae karibu na dereva, akageuka upesi nisione uso wake.

Ndani ya gari nilimwuliza kondakta kwa Kiswahili, "Ndugu, tutafika Masaka saa ngapi?" Abiria wawili waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Kondakta akanijibu kwa Kiganda, watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole, "Kijana, wewe ni askari?" Nikasema mimi ni mwanafunzi. Akasema, "Basi vizuri." Sikuelewa kwa nini swali lile liliulizwa kwa mtu mwenye sanduku la bati na godoro lililokunjwa. Sisi kwetu Kiswahili ndicho lugha ya darasani, ya hospitali, ya kanisani na ya kumtongozea msichana. Sikujua kwamba penginepo chaweza kuwa lugha ya kitu kingine.

Shuleni nilipokewa vizuri. Padre alinipa mkono, matroni akanionyesha kitanda, na mvulana wa kitanda cha jirani akanisaidia kubeba sanduku. Lakini siku ile ile nikajipatia aibu ya kwanza. Kiranja wa chakula alisimama mbele yetu wageni akatangaza kwa Kiingereza utaratibu wa shule, akasema kwamba mchana kila mwanafunzi atapata posho, na jioni pia posho. Ndugu wasomaji, kwetu posho ni fedha anayopewa mtu aliyehudhuria mkutano au aliyesafiri kwa kazi. Nikasema moyoni, lo, shule gani hii inayowalipa wanafunzi mara mbili kwa siku! Nikaazimia kumpigia mama simu kumwambia asiniletee fedha za matumizi. Saa ya chakula ilipofika nilijipanga mstarini mikono mitupu, na sahani yangu nimeiacha bwenini. Mpishi akaniuliza sahani iko wapi. Nikamwambia nimekuja kuchukua posho kwanza. Kumbe posho ni ugali. Nilipewa ugali wangu na maharage juu ya mfuniko wa ndoo, na habari hiyo ilifika mabweni yote kabla sijamaliza kula.

Kicheko kile hakikuniumiza, maana hata mimi nilicheka. Kilichoniumiza kilikuja baadaye. Kwa kuwa nilikuwa nikisahau na kusema Kiswahili kila niliposhtuka, wenzangu walinipa jina la Afande. Nikiingia bwenini, watatu au wanne husimama kwa ukakamavu na kupiga saluti. Mmoja alikuwa akiinua mikono juu na kusema kwa sauti ya kuigiza, "Kitambulisho! Fungua mzigo! Lala chini!" Hayo ndiyo maneno ya Kiswahili aliyoyajua. Nilimwuliza nani alimfundisha, akasema ameyasikia kwa baba yake, ambaye huyasema akieleza mambo ya vizuizi vya barabarani zamani. Mchana nilicheka nao. Usiku sikucheka. Nilikuwa nikilala nimegeukia ukuta, nikiwaza kwamba nimekuja na lugha moja tu ya kuzungumza na watu, na hiyo imekuwa mzaha.

Jumamosi ya kwanza tuliruhusiwa kwenda mjini kununua mahitaji. Nilishuka na jirani yangu wa kitanda mpaka soko la Nyendo, ambako mikungu ya ndizi hupangwa chini mingi hata mtu hupata taabu mahali pa kukanyaga. Yeye alikwenda kutafuta beseni, nami nikatafuta ndizi mbivu. Nikamwona mama mzee aliyekaa kwenye kigoda, ndizi zake zimenona. Nikasimama mbele yake nikasema kwa Kiswahili, kama ambavyo ningesema Bukoba, "Mama, hizi bei gani? Nipe chane moja."

Yule mama aliacha kufanya alilokuwa akifanya. Hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu. Kisha akageukia upande wa pili akaanza kupanga ndizi ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa. Nikarudia swali langu, nikidhani hakusikia, na nikaongeza sauti. Hakujibu. Mwenye nyanya aliyekaa karibu akaniambia kwa Kiingereza kidogo, "Huyu hauzi kwa lugha hiyo."

Nilimwuliza mwenzangu njiani maana ya maneno yale. Hakupenda kunieleza, lakini nilipomsihi akasema, "Wazee wengi hapa ndivyo walivyo. Waliosema Kiswahili nao zamani hawakuwa wanunuzi." Sikununua ndizi. Kilima cha kurudi shuleni siku ile kilikuwa kirefu kuliko njia yote ya kutoka Kyaka. Nilikumbuka nilivyosimama mbele ya mtu mzima, bila salamu, nikisema nipe, na mara ya pili kwa sauti kubwa. Babu aliniambia nisalimie watu vizuri, nami jambo la kwanza nililolifanya katika mji ule ni kudai.

Jumatatu mwalimu wa historia alinikuta nimekaa peke yangu wakati wa mapumziko, akanituma nimchukulie vitabu mpaka maktaba. Yeye ni mtu wa hapa hapa Masaka. Aliniuliza habari za siku zangu za kwanza, nami nikamweleza mambo ya sokoni. Hakunicheka. Alisema kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi nchini Uganda tangu wakati wa Waingereza, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, huku askari wake wakiwanyang'anya watu mali na kuwachukua usiku. Kisha mwaka 1979 askari wa kwetu wakaja wakimfukuza, nao wakisema Kiswahili, na mji ukabomoka, na magofu yake yalionekana kwa miaka mingi. Kabla watu hawajamaliza kujenga, mwaka 1985 vita vikaja tena, kambi ya jeshi ya Masaka ikazingirwa. "Basi," akasema, "kwa mzee wa hapa, Kiswahili ni sauti ya mtu anayegonga mlango usiku. Julai 2022 baraza la mawaziri letu liliidhinisha kiwe lugha rasmi, nasi tunakifundisha darasani. Lakini mlango wa mzee haufunguliwi na baraza la mawaziri."

Halafu akachukua chaki akaandika ubaoni maneno ya Kiganda: ekitabo, emmeeza, essaawa, ssukaali, ssabbuuni, eddirisa. Akaniambia niyasome. Nikayasoma, na kabla sijafika mwisho nikaanza kutabasamu, maana nilikuwa nikisoma kitabu, meza, saa, sukari, sabuni na dirisha. Akasema, "Haya hayakuja na bunduki. Yalikuja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na wamisionari wa kwanza waliofika kwa Kabaka Mutesa katika miaka ya 1870 walianza kufundisha kwa Kiswahili kabla ya kujua Kiganda. Watu hawaogopi lugha, huogopa mdomo uliowahi kuitumia. Wewe lete mdomo mwingine. Na kwanza jifunze kusalimu kwa lugha ya mwenye nyumba."

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nikajipa jembe langu mwenyewe. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa nilimwomba jirani yangu wa kitanda anifundishe salamu. Haikuwa kazi ngumu sana, kwa sababu Kihaya na Kiganda ni ndugu, na mengi yaliyonishinda sikio siku ya kwanza yalianza kufunguka. Nilijifunza kuuliza mtu alivyolala asubuhi na alivyoshinda jioni. Lakini salamu iliyonipendeza kuliko zote ni ile wanayompa mtu anayefanya kazi: Gyebale ko. Maana yake ni kumshukuru kwa kazi anayoifanya. Akiwa analima shamba lake mwenyewe, kwa faida yake mwenyewe, mpita njia humshukuru. Sisi Waswahili tukimkuta mtu kazini humwambia pole. Nilifikiri sana juu ya jambo hili. Sisi humhurumia mwenye kazi, wao humshukuru, na nadhani mtu anayefanya kazi anastahili yote mawili.

Vile vile nilijitolea katika kamati ya chakula, ambayo wavulana wake huenda Nyendo kila Jumamosi kubeba magunia. Wengi hawaipendi kazi hiyo kwa sababu ya mgongo. Mimi niliipenda kwa sababu ya yule mama. Jumamosi ya pili nilichuchumaa mbele yake, nikamtazama chini, nikasema, "Gyebale ko, jjajja," yaani bibi. Akanitazama. Alinijua mara moja, nami niliona kwamba amenijua. Akaitikia salamu, kwa sababu Mganda hawezi kuacha salamu bila jibu. Nikauliza bei kwa Kiganda changu kibovu, nikalipa, nikashukuru, nikaondoka. Jumamosi ya tatu akanisahihisha neno moja. Jumamosi ya nne akacheka matamshi yangu mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamwita mwenye nyanya aje asikie.

Jumamosi ya tano akaniuliza kwetu ni wapi. Nilikuwa nimelingoja swali hilo na kuliogopa. Nikasema, "Kyaka."

Akanyamaza. Kisha, ndugu wasomaji, akasema nami kwa Kiswahili, tena si kibovu, "Kyaka ya daraja?"

Nikasema, "Ndiyo, jjajja."

Akasema, "Askari wetu walifanya mabaya huko. Tuliona ng'ombe wakipita hapa ndani ya malori. Nyama ikawa rahisi. Tulinunua, na hatukuuliza imetoka wapi."

Nilitazama ndizi. Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Niliwaza kwamba babu amenyamaza zaidi ya miaka 40 na bado jambo lile halijamwacha. Nikasema, "Jjajja, babu yangu alikuja hapa mwaka 1979. Alikuwa akibeba makombora ya mizinga."

Hakukasirika, wala hakulia. Alipanga chane mbili za ndizi, akaweka ya tatu juu, akaishusha tena. Akasema, "Mimi nilikimbilia kijijini na mtoto mgongoni. Niliporudi sikujua nyumba ilikuwa upande gani wa barabara. Mwambie babu yako nyumba yangu ilikuwa na bati jipya. Miezi miwili tu tangu tuezeke."

Akamgeukia mnunuzi mwingine. Nikabeba gunia langu nikaenda.

Wiki ile ilikuwa mbaya kwangu kuliko zote. Nilidhani nimeharibu kila kitu kwa kusema kweli, na jirani yangu wa kitanda aliniuliza mara mbili kama naumwa. Ijumaa usiku nilifungua sanduku nikakitoa kile kifurushi cha kahawa, ambacho sikuwa nimempa mtu. Kila aliyenipokea shuleni alinipokea kwa wema, lakini nilikuwa naona haya kutoa kitu cha kijijini kwetu mbele ya watu walioniita Afande. Jumamosi nikakichukua mfukoni. Nilipofika nilisalimu, nikakiweka juu ya ndizi, nikasema kimetoka kwa babu yangu, na kwamba aliagiza apewe atakayenikaribisha.

Alifungua jani pole pole. Wasomaji wa Buganda mnajua, nasi wa Kagera tunajua, kwamba kahawa ya kutafuna si chakula cha kushibisha bali ni cha kumkirimu mgeni, na zamani watu walipofanya udugu wa kuchanjiana waliila pamoja. Akachukua buni moja akaitia mdomoni. Akachukua nyingine akanipa mimi. Tukatafuna, wala hakuna aliyesema neno. Kisha nikanunua chane yangu kama kawaida, nikalipa, na nilipokuwa nikiinuka akaongeza ndizi tatu juu yake akasema, "Nyongeza."

Hilo ni neno letu, nalo limekaa katika soko la Nyendo siku zote, watu wakiongezeana ndizi, nyanya na maharage. Sikumwambia. Nilisema asante kwa Kiganda.

Likizo ya mwezi wa Mei nilirudi nyumbani. Jioni nilikaa na babu penye mibuni yake, nikamweleza yote, na ujumbe wa yule mama nikaufikisha neno kwa neno, bila kupunguza. Babu akauliza, "Jipya?"

Nikasema, "Jipya. Miezi miwili."

Hakuuliza lingine. Lakini siku tatu baadaye nilimwona akichuma buni mbivu akizichagua moja moja, na nilipokuwa narudi shuleni alinipa kifurushi kikubwa kuliko cha kwanza. Safari hii hakusema nimpe nani.

Basi, ninyi mtakaoingia mwakani kutoka Tanzania, Rwanda, Kongo au kutoka wilaya za mbali za Uganda yenyewe, msiogope. Posho si fedha, chukueni sahani. Godoro likazeni kwa kamba, maana takisi hazina huruma. Mkipewa jina la mzaha, limevaeni mpaka lichakae, wala halichukui muda mrefu. Mimi siku hizi naitwa Afande na wadogo wanaotaka niwasaidie hesabu, na wengine wao hunisalimu kwa Kiswahili safi waliokisoma darasani. Na kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote katika mji mgeni, msalimieni kwanza mwenye kitu, kwa lugha yake, hata kama ni kwa makosa. Hamjui nani alipita hapo kabla yenu, wala alisema nini.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaosoma habari hii mkiwa mbali, mkipita Nyendo siku ya Jumamosi, mtamkuta bado amekaa kwenye kigoda chake, upande wa wauza ndizi mbivu. Siku hizi anauza kwa lugha yoyote. Kwaherini.